Mwenye Uchungu Hahubiriwi

Mmeniomba, ninyi wakunga mnaobaki, niwaandikie kidogo juu ya miaka yangu ya materinite, hapa tunapozalisha, kabla sijasahau. Nimekubali kwa sababu nimestaafu na sijui nifanye nini na asubuhi zangu. Tena mmoja wenu aliniuliza siku ya kuagana, "Mama Jeannette, uliwezaje kubaki Mukristo humu ndani, na vita hivi vyote?" Nilikuwa na sahani ya sombe mkononi, nikamjibu, "Tule kwanza." Sasa nimekula. Nitajaribu kujibu.

Vyeo sitavitaja. Mshahara pia sitautaja: ulipokuja ulikuja, na usipokuja tulizalisha.

Nilianza kazi hapa Goma nikiwa msichana mwenye diploma mpya na rozari mfukoni. Mkubwa wa wakunga alikuwa Mama Kahambu, mzaliwa wa Butembo, mfupi, mwenye mikono mipana na sauti ndogo. Hakuwa anacheka kabla ya kunywa chai, na chai yenyewe mara nyingi ilipoa bila kunyweka. Siku ya kwanza alinipeleka kwa mama mmoja aliyekuwa akipiga kelele za uchungu, akaniacha naye. Mimi nikaona hii ndiyo nafasi yangu. Nikamshika yule mama mkono, nikaanza kumweleza habari za Eva, na jinsi mateso yanavyosafisha roho. Nilikuwa bado kwenye bustani ya Edeni wakati Mama Kahambu aliponivuta kwa mkono wa blauzi mpaka koridoni.

"Umemupa maji?"

"Bado, mama."

"Umemusugua mugongo?"

"Bado."

"Basi Eva atangoja. Mutu mwenye uchungu hahubiriwi. Anapewa maji."

Nilikasirika. Nilifikiri mama huyu hana imani. Ilinichukua muda kuona kwamba alikuwa nayo kuliko mimi, ila hakuitembeza mdomoni. Alinifundisha kunawa mikono kwa kusema Baba Yetu mara mbili, bila haraka, maana ukikimbiza sala umekimbiza na sabuni. Alinifundisha kutumia ile korne ya mbao ya kusikilizia moyo wa mtoto tumboni. "Unaweka sikio, unafunga mudomo," alisema. "Ukiongea husikii. Ni hivyo hata na Mungu." Hilo ndilo lilikuwa hubiri lake refu kuliko yote niliyowahi kumsikia.

Kisha ukaja mwaka ambao wakimbizi walivuka mpaka kutoka Rwanda. Wenye umri wangu hawahitaji kuelezwa, na ninyi vijana mmesikia kwa wazazi wenu. Watu walijaa barabarani, uwanjani, makanisani, na nyuma yao ikaja kipindupindu. Mimi na Mama Kahambu tulitumwa kambi ya Munigi kuzalisha chini ya hema. Pale chini ni jiwe tupu la volkano. Halikubali jembe, kwa hiyo hata kuzika ilikuwa shida. Tulizoea kuruka juu ya watu waliolala bila kujua nani amelala na nani amekwenda.

Asubuhi moja tulimpokea mama aliyekuwa na uchungu na kipindupindu pamoja. Macho yake yalikuwa yamezama ndani, ngozi ya mkono ukiivuta inabaki juu. Tulimwekea seromu, maji ya mshipani, mikono yote miwili, na alikuwa akisukuma mtoto kwa nguvu ambazo sijui alizitoa wapi. Nikavunjika. Nikasema kwa sauti, mbele ya kila mtu, "Mungu yuko wapi?"

Mama Kahambu hakuinua kichwa. "Muulize. Ana masikio. Lakini unapomuuliza, shika kichwa cha mutoto, kinatoka."

Nikakishika. Mtoto alilia. Mama yake alimtazama, akafa kabla ya jua kufika katikati. Yule mtoto alichukuliwa na shangazi yake.

Alasiri ile alikuja kijana wa kikundi cha maombi, mwenye shati safi. Alianza kumwambia mjane mmoja aliyepoteza watoto wawili kwamba amshukuru Mungu kwa kila jambo. Mama Kahambu alimpa mtungi na kumtuma kuchota maji mbali, kwenye lori la maji. Nikamwuliza kama hakuona aibu kumfukuza mtu wa Mungu.

"Sikumufukuza. Nilimupa kazi," alisema. "Jeannette, Injili ni muzigo wa kujitwisha mwenyewe. Usimutwishe mwingine kwa nguvu, hasa yule ambaye tayari shingo yake inauma."

Kijana yule, niseme ukweli, alirudi na maji, akaenda tena mpaka jioni. Hotuba hakuimalizia.

Mama Kahambu alistaafu baadaye, akarudi Butembo, akafia kule kati ya wajukuu. Mimi nikabaki na nafasi yake. Volkano ikashuka mjini, tukazalisha barabarani. Vita vikaisha, vikaanza vingine vyenye majina mapya na wanaume wale wale. Nilidhani nimekwisha kujifunza kila alichonifundisha. Siku ninayotaka kuwasimulia sasa ndiyo iliyonionyesha kwamba nilikuwa nimekariri tu.

Ilikuwa katika vita ambavyo barabara ya Rutshuru ilifungwa. Mabomu yalisikika upande wa kaskazini kama mtu anayeburuta meza juu ya dari. Materinite yetu ilijaa wamama waliokimbia kutoka Kalengera na vijiji vya karibu, wengine wawili kitanda kimoja. Mimi mwenyewe nilikuwa na ndugu Vitshumbi, wavuvi, ambao sikuwa na habari yao tangu barabara ilipokatika. Kila nilipoona mgeni ametoka kule nilimwuliza, na kila mara alitikisa kichwa.

Kati ya watu wa wodi alikuwepo Mama Masika, Mnande kwa kabila, muuza maharage wa Kalengera. Alikuwa mlinzi wa mgonjwa, akimuuguza binti yake Rehema, aliyezaa kwa kupasuliwa. Kila alasiri Mama Masika aliongoza rozari kati ya vitanda, na sauti yake ilituliza hata watoto. Walipokuwa wakikimbia, lori lao lilisimamishwa kwenye kizuizi cha Kalengera. Wapiganaji waliteremsha vijana. Mmoja wao alikuwa Kambale, mtoto wake wa kiume. Lori liliamriwa kuondoka, naye aliachwa amesimama barabarani, ameshika mfuko wa nguo wa mama yake. Tangu hapo hakuna aliyemwona.

Siku ile, kabla ya mchana, pikipiki ilisimama mlangoni. Ilimwacha msichana mwenye mimba kubwa, ikageuka upesi bila kuzima injini. Hakuwa na mtu wa kumlinda, hakuwa hata na kikwembe cha kumfungia mtoto. Aliitwa Furaha. Mlinzi wetu, Papa Bahati, alimshika mkono mpaka wodini, na alipoingia tu mama mmoja wa Kalengera akasimama juu ya kitanda.

"Huyu ninamujua! Ni muke wa komanda! Komanda wa kizuizi chetu!"

Furaha alitazama chini. Hakukana.

Mama Masika alikuja mpaka mbele yangu. Hakupaza sauti, na hilo liliniogopesha zaidi.

"Mama Jeannette, huyu atalala wapi?"

"Kuna nafasi pale pembeni."

"Pembeni ya Rehema? Huyu anayelala na mutu aliyemuchukua Kambale? Akilala hapa, sisi tunatoka. Hata Rehema na kidonda chake, anatoka."

Wamama wengine walianza kukusanya masufuria. Rehema alijaribu kuamka, akalia kwa maumivu. Nikaona nitawapoteza wagonjwa kumi kwa ajili ya mmoja, na shetani ananijua vizuri, akanionyesha njia nzuri ya kitaalamu: andika transfert, mpeleke kwingine. Kwingine hakukuwepo. Barabara zilikuwa na mabomu. Nilijua hilo, na bado kwa muda mfupi niliipenda sana ile kalamu.

Furaha ndiye aliyeniokoa na wazo hilo, maana uchungu ulimshika pale pale akapiga magoti. Nikampeleka moja kwa moja chumba cha kuzalia na kufunga mlango.

Nilinawa mikono kwa Baba Yetu, kama nilivyofundishwa. Nilipofika kwenye "utusamehe makosa yetu" nikakwama, nikafikiria Vitshumbi. Nilitaka kumgeukia yule msichana nimwulize: ulimpenda huyo mtu, ama ulichukuliwa? Angesema amechukuliwa, ningemhurumia. Na angesema amempenda? Ningefanya nini, ningepunguza kazi ya mikono? Nilielewa kwamba swali langu lilikuwa la kutafuta ruhusa. Sikuuliza. Nilimpa maji. Nilimsugua mgongo. Mpaka leo sijui jibu lake.

Mtoto alizaliwa vizuri, msichana. Kisha damu ikaanza. Ninyi mnaijua ile damu: haipigi kelele, inashuka tu. Nilichoma sindano ya kukaza tumbo la uzazi, nikakandamiza kwa ngumi, nikamwita daktari kwa sauti ambayo sikuitambua. Tulipigana nayo sisi wawili mpaka ikasimama. Lakini midomo ya Furaha ilikuwa rangi ya majivu, na mapigo ya moyo yalikuwa yanakimbia kama panya darini.

"Apewe damu sasa hivi, ama tunamupoteza," daktari alisema.

Mtu wa maabara alipima akarudi. "Ni O. Friji iko tupu, mama. Majeruhi walimaliza yote. Na O anapokea O peke yake."

Daktari alikuwa A, na mimi vilevile; Papa Bahati alikuwa B. Mtu wa maabara alikuwa O lakini alikuwa na malaria, anatetemeka akiwa amesimama. Desturi yetu ni kwamba familia ya mgonjwa ndiyo inayotoa. Familia ya Furaha ilikuwa ni ile pikipiki.

Nikatoka nje. Habari ya yule msichana ilikuwa imefika kabla yangu kwenye kambi ya wakimbizi iliyo karibu, na watu walikuwa wamejaa mlangoni, wanaume wengi, wengine na majiwe mikononi. Papa Bahati alikuwa ameegemea mlango kwa mgongo. Nikasimama nyuma ya vyuma vya mlango nikasema, "Kuna mama anakufa. Nani kati yenu anajua kama ni O?"

Mmoja akajibu, "Mumupe damu ya mbuzi!" Wakacheka. Mwingine akasema, "Mumutoe nje, sisi tutamutibu." Jiwe likaanguka juu ya mabati, na ndani watoto wote wakalia kwa pamoja.

"Mama, ingia," Papa Bahati aliniambia polepole. "Mulango huu ni wa zamani."

Nikaingia. Sasa niwaambie jambo nililokuwa najua tangu mtu wa maabara alipotamka ile herufi. Siku ya operesheni ya Rehema tulimpima mama yake, kama tahadhari. Rehema hakuhitaji damu. Lakini Mama Masika alikuwa O.

Alikuwa ameketi kwenye kitanda cha binti yake, ameupa mlango mgongo. Nilitembea kwake nikiwa na maandiko yote tayari mdomoni. Mpende adui yako. Samehe saba mara sabini. Mama huyu aliongoza rozari kila siku. Ningeweza kumfunga kwa rozari yake mwenyewe, na asingeweza kujinasua mbele ya wenzake. Niliona wazi kwamba ingefaulu. Na nikaona wazi pia kwamba ningekuwa ninamteka, kama wale wa kizuizini, isipokuwa mimi ningetumia Biblia.

Nikachuchumaa mbele yake.

"Mama Masika, yule msichana anakufa. Damu yake ni O. Wewe ni O. Nakuomba. Ukikataa sitakulaumu, na Rehema atatunzwa vilevile."

"Unaniomba mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Katika batu bote, mimi?"

"Ni wewe peke yako ninayejua kuwa ni O."

"Hapana," alisema. "Hapana, Mama Jeannette. Kambale alishika mufuko wangu. Unasikia? Mufuko wangu, hakuutupa hata. Hapana." Akaamka, akatoka kwa mlango wa nyuma kuelekea jikoni kwa walinzi wa wagonjwa.

Sikumfuata. Nilirudi kwa Furaha, nikashika mkono wake uliokuwa baridi, nikamlaza mtoto karibu na shavu lake ili kama anaondoka aondoke akimsikia. Nje walikuwa wanautikisa mlango. Nilisali, lakini msifikiri ilikuwa sala nzuri. Nilisema, "Nimefanya. Sasa wewe." Kama mtu anayegombana na jirani.

Mlango wa chumba ulifunguka. Mama Masika alikuwa amekunja mkono wa blauzi mpaka begani. Macho yalikuwa mekundu, sijui ni kwa machozi au kwa moshi wa makaa.

"Sijasamehe," alisema. "Musiende kusema kanisani kwamba nimesamehe. Sijasamehe mutu. Mutoe damu upesi, kabla sijabadilika."

Mtu wa maabara alipima upesi, akamlaza kwenye kitanda cha koridoni. Mama Masika aligeuza uso ukutani mfuko ulipokuwa ukijaa. Hakusema neno isipokuwa moja: "Asijue."

"Hatajua," nikasema.

Alipomaliza tulimpa chai yenye sukari nyingi. Alikunywa nusu. Kisha akashusha mkono wa blauzi kufunika pamba, akatembea, huku akijishika ukutani, mpaka mlangoni. Nilimfuata kwa hofu. Wale wanaume walimjua wote, na walijua habari ya Kambale. Wengine walisema wamekuja kwa ajili yake.

"Munataka nini?" aliwauliza.

"Mama, tunamutaka muke wa komanda. Ni kwa ajili ya mutoto wako."

"Mutoto wangu hakuwatuma. Humu ndani kuna Rehema na kidonda kibichi, na munatupa majiwe juu yake. Rudini kambini." Hakuna aliyesogea. "Ninasema rudini. Mimi ndiye niliyefiwa hapa, ama ni ninyi?"

Lilikuwa neno zito, maana mpaka siku ile hakuwa amekubali kusema amefiwa. Nadhani walilisikia pia. Mmoja aliangusha jiwe lake, si kwa kutupa, aliliachia tu. Waliondoka wachache wachache, kwa aibu, kama watu wanaotoka kanisani kabla ya baraka. Mama Masika aligeuka, akayumba, mimi na Papa Bahati tukamdaka.

Damu ile ilimrudisha Furaha polepole. Kwanza midomo, kisha macho, kisha kiu. Tulimlaza katika chumba kidogo cha mashuka, mbali na wodi. Wamama hawakumsalimia, nami sikuwalazimisha. Lakini masufuria yalirudi chini ya vitanda na hakuna aliyeondoka.

Mnataka kujua kama kulikuwa na amani. Hapana. Mama Masika aliacha kuongoza rozari. Nilipomwuliza, alisema, "Kuna neno moja ndani ya Baba Yetu haliniteremuki kooni. Mupaka litakaponiteremuka, waongoze wengine." Akawa anakaa kimya wakati wenzake wanasali, anachambua maharage. Nilimheshimu kwa hilo kuliko nilivyowahi kuwaheshimu wahubiri wengi. Alikuwa ametoa damu kabla moyo haujakubali, na hakuudanganya moyo kwamba umekubali. Ninyi vijana mnangoja mjisikie wema ndipo mtende. Kwa kazi hii mtangoja sana. Mikono na itangulie. Moyo ukifika, vizuri.

Siku Furaha alipopata nguvu ya kutembea, padri mmoja wa parokia alikubali kumpeleka mahali ambapo hakuna anayemjua. Alikuja wodini kuaga, mtoto mgongoni katika kikwembe nilichompa. Wamama waligeuza nyuso. Alisimama katikati, akaniambia kwa sauti ndogo lakini wote walisikia:

"Mama, nani alinipa damu? Nataka nimuombee kwa jina."

"Muombee bila jina," nikajibu. "Mungu anamujua."

Alitikisa kichwa kukubali, akaanza kwenda. Mama Masika alikuwa ameketi chini karibu na kitanda cha Rehema, ungo wa maharage mapajani. Hakuinua uso.

"Wewe," alisema.

Furaha akasimama.

"Kama unatafuta jina la kuombea, ombea Kambale. Kambale wa Masika. Alibaki kwenye kizuizi."

Sijui kama Furaha alielewa yote. Nafikiri alielewa kizuizi, kwa sababu uso wake ulibadilika na akaweka mkono nyuma kumshika mtoto. Alipiga magoti pale kwenye sementi, mbele ya ungo, na hakuomba msamaha wala hakujitetea. Alirudia tu lile jina, mara moja, polepole, kama mtu anayepewa kitu kinachovunjika.

"Kambale wa Masika."

"Ndiyo," Mama Masika alisema. "Sasa nenda, mutoto atapigwa na jua."

Kambale hakurudi. Mama yake alirudi Kalengera barabara ilipofunguliwa, akapanda maharage. Habari za ndugu zangu wa Vitshumbi zilifika baadaye: wawili wazima, mmoja hapana. Furaha sikumwona tena, na sijui kama alimwombea Kambale. Kwa hiyo, kama atakuwa amesahau, mimi huliweka jina lile katika sala zangu kila jioni, na sasa nimewapa na ninyi.